Simu Imevimba? Usiibonyeze!

Leo tuzungumze kuhusu kitu ambacho wengi wetu tunalala nacho karibu kuliko hata daftari: simu.

Wasikilize vijana wanapobishana kuhusu simu. Huyu anasifu kamera, yule anasifu wembamba, mwingine anajigamba kwamba yake haiingii maji. Ni wachache wanaouliza: je, betri ikichoka, inatolewaje? Swali hilo dogo linaweza kukuokoa wewe na wenzako wote bwenini.

Chukua mfano huu. Simu imefichwa chini ya godoro. Mfuniko wa nyuma umeanza kuachia na kioo kimeinuka upande mmoja. Mwenye simu anakibonyeza, kinarudi. Kesho kinainuka tena. Anaogopa kusema, maana shuleni kwao simu ni marufuku. Basi ananyamaza, na usiku anaichomeka tena kwenye chaji.

Hatukuja hapa kumsema. Tumekuja kumwambia kwamba simu hiyo ni mgonjwa mahututi, na haitakiwi kulala naye kitandani.

KWA NINI BETRI HUVIMBA?

Betri za simu na laptop za siku hizi ni za lithiamu. Ndani yake kuna tabaka nyembamba sana zilizokunjwa pamoja kama kanga kabatini. Tabaka moja ni upande chanya, jingine ni upande hasi. Katikati kuna utando mwembamba wa plastiki unaozuia pande hizo mbili zisigusane. Vyote vimelowa kimiminika kinachoweza kushika moto, halafu vimefungwa ndani ya mfuko laini.

Betri ikizeeka, ikipata joto kali, ikichajiwa na chaja mbovu au ikiumia simu inapoanguka, kemikali za ndani huanza kuharibika na kutoa gesi. Gesi haina pa kutokea, kwa hiyo mfuko unaumuka kama chapati kwenye kikaango.

Sasa ukiibonyeza au kuitoboa, ule utando unaweza kuchanika. Pande mbili zikigusana, joto linapanda ghafla na betri inaweza kuwaka moto. Moshi wake una sumu.

Kwenye laptop, dalili ni kwamba ile sehemu ya kuburuzia kidole inakuwa ngumu au inainuka, na laptop ukiiweka mezani inayumba.

ZAMANI ULIFUNGUA KWA KUCHA

Waulize kaka na dada zako kuhusu betri ya BL-5C, iliyotumika kwenye Nokia 1100 na simu nyingine nyingi. Ulifungua mfuniko kwa kucha, ukaitoa, ukaweka nyingine. Kazi kwisha!

Mwezi Agosti 2007 Nokia ilitangaza kwamba betri za BL-5C zipatazo milioni 46, zilizotengenezwa na kampuni ya Matsushita, zingeweza kupata joto kupita kiasi wakati wa kuchajiwa. Ilijitolea kuzibadilisha bure. Mtu alitoa betri tu, simu akabaki nayo.

Mwaka 2016 yakaikuta Samsung. Galaxy Note 7 zilianza kuwaka moto, na kufikia Oktoba kampuni ilisimamisha kabisa kuzitengeneza. Januari 2017 ilieleza kuwa kosa lilikuwa ndani ya betri. Lakini safari hii betri ilikuwa imefungiwa ndani, mtumiaji hawezi kuitoa. Ilibidi simu nzima irudishwe.

Umeona tofauti? Tatizo ni lile lile, betri mbovu. Umbo la simu ndilo lililoamua kama wewe mwenyewe ungeweza kuliondoa.

Watengenezaji wana sababu zao. Simu iliyozibwa kwa gundi inakuwa nyembamba na ni rahisi zaidi kuizuia isiingie maji. Hata hivyo, betri haidumu milele. Apple yenyewe inasema betri za iPhone 14 na za kabla yake zimeundwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500. Ndiyo maana watumiaji wengi wanalalamika, na wamesikika. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayotaka, kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri za vifaa vidogo ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, ingawa kuna misamaha kwa baadhi ya vifaa.

UVUMI NA UKWELI

Uvumi: Toboa kidogo kwa pini, hewa itoke.
Ukweli: Hapana! Ile si hewa ya mpira. Kutoboa ndiko kunakoweza kuwasha moto.

Uvumi: Iweke kwenye friza, itanywea.
Ukweli: Baridi haitibu betri iliyoharibika. Inabaki kuwa mbovu.

Uvumi: Kama simu bado inawaka, hakuna shida.
Ukweli: Betri iliyovimba inaweza kufanya kazi kwa wiki nyingi, halafu siku moja ikashindwa.

FANYA HIVI

1. Chomoa chaja, zima simu, usiichaji tena.
2. Iweke kwenye sakafu ya saruji au vigae, mbali na magodoro, nguo na karatasi.
3. Usiibonyeze, usiikalie, usijaribu kuifungua kwa kisu.
4. Mwambie mtu mzima. Ukiwa bwenini, mwambie matroni, patroni au mwalimu wa zamu. Ndiyo, utaadhibiwa pengine. Lakini adhabu itapita. Bweni likiungua, hakuna wa kulirudisha, wala waliolala ndani.
5. Betri ikishatolewa, usiitupe jalalani wala kuichoma pamoja na takataka. Muulize fundi mahali zinapokusanywa.

Ikianza kutoa moshi, usiishike. Toka nje, watoe wenzako, piga kelele. Mtu akiungua, mwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpelekeni kituo cha afya. Msimpake dawa ya meno, mafuta, wala unga. Barafu pia hapana.

Na kama bado haijavimba? Usiichaji chini ya mto au godoro, maana joto linakosa pa kutokea. Usiiache juani. Chaja ikipata moto sana au waya ukichunika, achana nayo.

KWA FUNDI: BETRI NDIYO, NENO LA SIRI HAPANA

Kwa vile simu nyingi sasa hazifunguki kwa kucha, lazima uende kwa fundi. Kuna mafundi hodari sana, iwe Kariakoo, Luthuli au kwenye kibanda cha hapo mtaani kwenu. Lakini kumbuka, simu ina picha zako, ujumbe wako, labda hata pesa zako.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walieleza walichokikuta baada ya kupeleka laptop madukani kwa matengenezo. Kwanza walitaka betri tu ibadilishwe. Kazi hiyo haihitaji neno la siri, lakini karibu maduka yote yaliliomba. Baadaye walipeleka laptop nyingine kwenye maduka 16 kwa tatizo dogo la sauti. Katika maduka 6, mafundi walichungulia mambo binafsi ya mwenye mashine, na wengine hata walinakili.

Kwa hiyo kabla hujakabidhi simu:

– Toa laini na memori kadi.
– Bonyeza *#06#, uandike namba ya IMEI kwenye daftari. Ni kitambulisho cha simu yako.
– Omba kazi ifanyike ukiwepo. Ikibidi kujaribu simu, ifungue wewe mwenyewe.
– Fundi akitaka neno la siri kwa kazi ya betri, muulize kwa heshima: "Fundi, la nini?" Asipokuwa na jibu, nenda kwa mwingine.
– Uliza betri ni mpya au imetolewa kwenye simu nyingine, na dhamana ni ya muda gani. Upewe risiti.

Kuuliza si ukorofi. Simu ni yako, na mwili ni wako.

Leo jioni, chukua simu yako au ya nyumbani, ilaze mezani kifudifudi. Je, imelala sawasawa, au inazunguka kama pia? Kama inazunguka, usingoje kesho.