Alama za Chini Katika Jaribio la GRE: Namna ya Kuzipandisha Kabla ya Kulipia Mtihani

Mhitimu aliyetoka Egerton au Kabarak na shahada nzuri anaweza kufanya jaribio lake la kwanza la GRE akapata 143 katika hesabu na 146 katika lugha. Hizo ni alama za chini, maana kila sehemu hupimwa kuanzia 130 hadi 170. Baadhi ya watu hukata tamaa hapo hapo. Wengine hukimbilia kulipia mtihani wenyewe wakitumaini kwamba siku hiyo bahati itageuka. Anayekata tamaa hujinyima nafasi ya kusoma uzamili au uzamifu nchini Marekani, mara nyingine kwa ufadhili wa chuo. Anayekimbilia kulipa hutoa dola 220, ambazo ni zaidi ya shilingi 28,000 dola moja ikiwa shilingi 129, na pesa hizo hazirudi kwa sababu tu alama zimekuwa mbaya.

Jaribio halina ada wala halitumwi chuo chochote. Ndipo mahali pa kukosea. Shida ni kwamba wengi huliangalia kwa ajili ya alama tu, kisha wanalifunga bila kusoma makosa yao.

Kwanza, je, mtihani unahitajika?

Mwaka 2020, vituo vya mitihani vilipofungwa kwa sababu ya korona, idara nyingi za vyuo vikuu vya Marekani ziliacha kudai GRE, na nyingine zikaifanya ya hiari. Si zote zilizorudi nyuma. Chuo kimoja kinaweza kuidai katika uchumi na kutoidai katika sayansi ya mimea, kwa hiyo jibu litafutwe katika ukurasa wa idara yenyewe, si ule wa chuo kwa jumla. Pale mtihani ulipo wa hiari, alama ya chini ni heri isitumwe kabisa. Vyuo vikuu vya hapa nchini kwa kawaida huangalia shahada ya kwanza na nakala ya matokeo. Shule za biashara za ng'ambo nazo huweza kutaka GMAT, ambao ni mtihani mwingine wenye alama za kuanzia 205 hadi 805, ingawa yanayosemwa hapa kuhusu makosa yanauhusu pia.

Tangu Septemba 2023 GRE imefupishwa. Sasa huchukua saa 1 na dakika 58. Huanza na insha moja ya dakika 30, kisha zinafuata sehemu 2 za lugha na 2 za hesabu. Lugha ina maswali 27 kwa dakika 41, na hesabu ina maswali 27 kwa dakika 47. Vitabu na majaribio ya zamani yanayozunguka mitaani bado yanafuata mpangilio wa awali wa karibu saa 4. Maswali yake yanafaa kwa mazoezi, lakini muda wake haufai tena.

Kwa nini aliyefaulu KCSE hujikwaa

Hesabu za GRE hazipiti kiwango cha shule ya upili. Hamna kalkulasi. Ni sehemu, asilimia, uwiano, aljebra, jiometri na takwimu za kawaida, mambo ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne amekwisha kuyapitia. Ndiyo maana alama ya chini huwauma zaidi wahandisi na walimu wa hisabati.

Sababu iko katika mazoea. Karatasi moja ya Hisabati ya KCSE katika mfumo wa 8-4-4 huchukua saa 2 na nusu. Mtahiniwa hujibu maswali 16 ya sehemu ya kwanza na kuchagua 5 kati ya 8 ya sehemu ya pili. Hiyo ni wastani wa dakika 7 kwa swali, na anayeonyesha njia hupata alama hata jibu la mwisho likikosewa. Katika GRE swali moja la hesabu lina dakika 1 na sekunde 45 hivi. Njia haionwi na mtu yeyote. Kinachohesabiwa ni jibu. Mtu aliyefunzwa kwa miaka mingi kuandika kila hatua kwa unadhifu huishiwa na muda akiwa swali la nane, na maswali yaliyobaki hayaguswi.

Upo pia mtindo wa swali ambao haumo kabisa katika KCSE. Mtahiniwa hupewa kiasi A na kiasi B, kisha huulizwa kipi ni kikubwa, au kama vinalingana, au kama haiwezekani kujua. Mfano: mraba wa x ni 9. Kiasi A ni x, kiasi B ni 2. Wengi huandika haraka kwamba x ni 3, basi A ni kikubwa. Lakini x inaweza pia kuwa hasi 3, na hapo B ndicho kikubwa. Jibu sahihi ni kwamba haiwezekani kujua. Anayekosa swali hili hahitaji kurudia aljebra yote. Anahitaji tabia moja ndogo: kila aonapo herufi, ajaribu nambari chanya, hasi, sufuri na sehemu kabla ya kuamua.

Daftari la makosa

Jaribio la kwanza linapaswa kufanywa kwa muda kamili, simu ikiwa imezimwa. Shirika la ETS, lenye mtihani huu, hutoa majaribio 2 kamili bila malipo kwenye tovuti yake kwa jina la POWERPREP. Baada ya hapo kazi ndiyo inaanza. Daftari la shilingi chache linatosha. Kila swali lililokosewa huandikwa pamoja na sababu yake, na sababu iwe mahususi. Kuandika "hesabu ngumu" hakumsaidii mtu.

Chukua mfano wa aliyekosa maswali 14 ya hesabu kati ya 27. Akiyapanga kwa uaminifu anaweza kuona kwamba 5 hakujua kanuni yake, 4 alijua lakini alisoma swali vibaya, na 5 hakuyafikia kwa sababu ya muda. Hayo ni magonjwa matatu tofauti, na dawa ya moja haitibu jingine. Maswali 5 ya kwanza yanataka kusoma mada upya. ETS ina kitabu cha marudio ya hesabu kinachopakuliwa bure, na Khan Academy ina masomo ya mada hizo hizo. Manne ya pili yanataka kupunguza mwendo na kuandika kinachoulizwa kabla ya kukokotoa. Matano ya mwisho yanataka ujasiri wa kuruka swali.

Kuhusu kuruka, kanuni za mtihani zinamsaidia mtahiniwa kuliko anavyodhani. Ndani ya sehemu moja kila swali lina uzito sawa, liwe jepesi au gumu, na inaruhusiwa kuliwekea alama swali na kulirudia muda ukibaki. Jibu lisilo sahihi halikatwi alama. Kwa hiyo hakuna swali la kuachwa wazi. Sekunde 30 za mwisho zitumike kujaza yote, hata kwa kubahatisha. Jambo jingine ni kwamba ugumu wa sehemu ya pili ya hesabu, au ya lugha, hutegemea mtu alivyofanya katika ile ya kwanza. Uzembe wa dakika 20 za mwanzo hugharimu zaidi ya unavyoonekana.

Maswali aliyopata kwa kubahatisha nayo yaingie daftarini. Hili huwa gumu kwa wengi, kwani hakuna apendaye kuandika kama kosa kitu alichopewa alama. Lakini swali lililopatikana kwa bahati leo litakosewa wiki ijayo.

Mfano wa kosa la kusoma: bei ya gunia la viazi Molo imepanda kwa asilimia 20, kisha ikashuka kwa asilimia 20. Imerudi ilipokuwa? Anayejibu ndiyo amesahau kuuliza asilimia 20 ya nini. Gunia la shilingi 3,000 hupanda hadi 3,600, na asilimia 20 ya 3,600 ni 720, hivyo hushuka hadi 2,880. Swali lililokosewa namna hii lirudiwe baada ya siku 3, kisha baada ya wiki 2, bila kutazama jibu. Likipatikana mara zote mbili, lifutwe. Daftari linalozidi kupungua ni dalili nzuri kuliko alama ya jaribio moja, kwani alama hupanda au kushuka mbili tatu hata mtu asipobadilika.

Upande wa lugha

Hapa haraka haisaidii sana. Alama ya lugha hupanda polepole kuliko ya hesabu, na anayeanza wiki 3 kabla ya mtihani asitegemee makubwa. Orodha za maneno elfu moja zinazouzwa na kusambazwa kwenye simu zina faida ndogo zikikaririwa peke yake, kwa sababu mtihani hupenda maneno yanayojulikana yakiwa na maana isiyotarajiwa. Neno "qualify" kila mtu hapa analijua kwa maana ya kufuzu; katika GRE huweza kumaanisha kuiwekea kauli mipaka. "Sanction" huweza kuwa kuidhinisha au kuadhibu, na ni sentensi pekee inayoamua.

Kwa hiyo neno jipya liandikwe pamoja na sentensi lilimotoka. Katika maswali ya kujaza pengo, mtahiniwa afunike majibu, atafute neno lake mwenyewe kutokana na sentensi, hata likiwa la Kiswahili, ndipo afunue. Sentensi yenye mapengo 2 au 3 haitoi nusu alama: yote yawe sahihi au swali limepotea. Kwa ufahamu, dakika 20 kila siku za kusoma makala ya kitaaluma nje ya fani yake humfaa mtu kuliko majaribio kumi. Mwanakilimo asome historia ya sanaa, na mwalimu wa historia asome biolojia. Maktaba ya taifa tawi la Nakuru na maktaba za vyuo zina majarida ya kutosha kwa kazi hiyo.

Insha hupimwa kuanzia 0 hadi 6. ETS imechapisha orodha nzima ya mada ambamo mada ya siku ya mtihani hutoka. Huandikwa kwa kompyuta isiyosahihisha tahajia, na dakika 30 ni chache kwa anayechapa kwa vidole viwili.

Ratiba na malipo

Jaribio la pili la bure litunzwe hadi mwisho. Anayeyamaliza yote mawili wiki ya kwanza hubaki bila kipimo cha kuaminika, kwani maswali aliyokwisha kuyaona humpa alama za uongo. Miezi 3 ya saa moja na nusu kwa siku ni mpango unaowezekana hata kwa aliye kazini. Makataa ya vyuo vingi kwa muhula wa Agosti huwa kati ya Desemba na Januari, na alama rasmi hutoka siku 8 hadi 10 baada ya mtihani. Kwa hesabu hiyo, mtihani wa Oktoba huacha nafasi ya kurudia: inaruhusiwa baada ya siku 21, na si zaidi ya mara 5 katika miezi 12. Alama hudumu miaka 5, na mtahiniwa huchagua za kutuma. Ada ya mtihani inajumuisha kutumiwa kwa vyuo 4.

Wanaouza "maswali yaliyovuja", au kuahidi kumfanyia mtu mtihani, waepukwe. ETS hufuta alama zenye shaka hata baada ya kutolewa, na chuo hupata habari. Ushauri wa bure kuhusu vyuo na mitihani hutolewa na EducationUSA, huduma ya serikali ya Marekani yenye ofisi Nairobi, na maswali mengi hujibiwa mtandaoni bila safari.

Mtihani unaweza kufanyiwa nyumbani, lakini msimamizi hutazama kupitia kamera, chumba kiwe na mtu mmoja tu, na karatasi ya kawaida haikubaliwi. Huandikwa kwenye ubao mdogo unaofutika. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, kituo cha Nairobi ni salama zaidi. Jina la kujisajilia lifanane herufi kwa herufi na lile la kitambulisho kitakachotumika, la sivyo mtahiniwa hurudishwa mlangoni. Na kwa kuwa msongamano wa magari kati ya Gilgil na Naivasha hauna saa maalumu, anayetoka Nakuru kwa mtihani wa asubuhi afike Nairobi jana yake.