Baba kafunga shokapu mwenyewe, sasa gari linacheza mkia

Jumamosi alasiri Isevya, mjini Tabora, si ajabu kukuta gari dogo limenyanyuliwa chini ya mwembe, tairi za nyuma ziko pembeni, na baba mwenye nyumba amelala chali juu ya turubai. Mtoto wa kiume anammulikia kwa tochi ya simu. Shokapu zimenunuliwa, bushi zimenunuliwa, na hela ya fundi imebaki kwa ajili ya ada ya shule. Jioni kazi imekwisha, gari haligongi tena nyuma, na wakati wa chakula baba anapewa sifa zake.

Shida huja Jumatatu. Watoto wamekaa kiti cha nyuma, gari limeshika lami na mwendo umefika kilometa 70 kwa saa. Baba anakwepa bodaboda, mbele kunapinda, nyuma kunachelewa kufuata halafu kunajirusha. Mama anauliza, "Baba watoto, mbona gari linacheza huku nyuma?" Jibu la kawaida ni kwamba vifaa ni vipya, vitazoea.

Havizoei. Gari likibadilika tabia mara tu baada ya kuguswa, mahali pa kwanza kutazamwa ni pale palipoguswa. Wengi hufanya kinyume. Kwa kuwa usukani ndio unaoshikwa mkononi, wanakimbilia kubadili vifaa vya mbele na kumaliza hela ambayo ingetosha kulipa ada. Ukweli ni kwamba magurudumu ya nyuma nayo yanaongoza gari. Moja likigeuka nje kidogo tu, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, gari linakwenda kiubavu na dereva anatumia safari nzima kulirudisha.

Kosa linalojitokeza sana kwa anayejitengenezea nyumbani liko kwenye bushi. Bushi nyingi za nyuma ni mpira uliogandishwa katikati ya vyuma viwili. Mpira huo hauzunguki, unajipinda tu na kurudi. Sasa baba anakaza bolti kwa nguvu zote gari likiwa bado juu, magurudumu yananing'inia. Akilishusha, amu inapanda, lakini mpira umeshabanwa katika mkao wa kuning'inia, kwa hiyo unabaki umejipinda saa zote. Matokeo yake nyuma kunakuwa kugumu, gari linaweza kukaa juu kuliko kawaida, linaruka kwenye matuta, na bushi mpya inachanika mapema. Kisha muuza vipuri analaumiwa kwa kuuza feki. Dawa yake haina gharama: bolti zilegezwe, gari likae chini kwa uzito wake, litikiswe mara kadhaa, ndipo zikazwe mwisho.

Kukaza huko nako kuna hatari yake. Jeki peke yake haimlindi mtu aliye chini ya gari, hasa juu ya mchanga. Ziwekwe stendi imara juu ya ubao mpana, magurudumu ya mbele yazuiwe kwa mawe, na mtoto wa tochi asiingize hata mkono.

Yapo pia madogo ya kuangaliwa kabla ya kufungua chochote. Nati za tairi zimekazwa kwa mkato, moja na ile inayoielekea, au zilifuatwa tu kwa mzunguko? Kwa Toyota ndogo nyingi kipimo ni nyutonimita 103. Kumkanyagisha mtu mzima spana si kipimo. Upepo je, uko kama inavyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva? Tairi moja ya nyuma yenye upepo mdogo inatosha kabisa kuyumbisha mkia. Na kama shokapu ilibadilishwa upande mmoja kwa sababu ya bajeti, maswali yaishie hapo. Shokapu hubadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia.

Baada ya hapo ipimwe kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote mbili, gari likiwa tupu mahali tambarare. Upande mmoja ukiwa chini waziwazi, huenda ncha ya springi haikukaa kwenye kitako chake, au mpira wa juu ya springi umesahaulika kwenye turubai. Hutokea zaidi ya watu wanavyokiri.

Halafu kuna wale wanaotumia nafasi hiyo kuliinua gari kwa kuongeza vipande juu ya springi, kwa ajili ya barabara za mashamba. Gari lililoinuliwa huwa jepesi kuegemea kwenye kona. Katika magari ambayo kila gurudumu la nyuma lina amu zake, kama Corolla 110 au Harrier, urefu ukibadilika uelekeo wa gurudumu nao unabadilika. Baadhi ya gari za mizigo zina valvu inayogawa nguvu ya breki kwa kufuata urefu wa nyuma. Ukiinua bila kuirekebisha, breki nazo zinavurugika.

Kipimo cha uelekeo kipo barabarani, bure. Mvua ikishapita, gari liendeshwe polepole na moja kwa moja kwenye njia ya mchanga uliolowa, kisha dereva ashuke atazame alama. Alama za nyuma zinatakiwa kukaa sawasawa na za mbele kulia na kushoto. Zikijitokeza zote upande mmoja, nyuma kumekwenda kando. Dalili nyingine ni usukani kukaa upande wakati gari linakwenda mbele. Hapo ni kwenda gereji yenye mashine ya kupima magurudumu yote manne, na kumwambia fundi waziwazi kilichofanyika nyumbani. Akificha kwa aibu, fundi atanyoosha mbele peke yake na mkia utabaki palepale.

Mpaka hapo watoto wapande bodi ya abiria au watembee. Kama nyuma kunasikika mgongano, mpira wa breki umejisokota, au mafuta yanachuruzika kwenye gurudumu, gari lisiwashwe kabisa.

Likishatulia, jaribio la kwanza lifanyike bila familia. Ndoo za asali na gunia la mchele la shangazi nazo zisubiri, kwani mzigo ulio nyuma ya ekseli unapunguza uzito wa mbele na kuficha majibu. Nati za tairi zikazwe upya baada ya kilometa 50 hadi 100. Kwa anayeelekea Nzega, hiyo ni kusimama mara moja njiani, spana ikiwa karibu na siyo chini ya mabegi ya shule.