Pointi nne zilizopungua: GPA na haki ya mwanafunzi

Jioni moja baada ya sala ya Isha tulikaribishwa katika nyumba moja ya Temeke ambamo furaha na simanzi zilikuwa zimekaa mkeka mmoja. Binti wa nyumba hiyo, wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo kikuu, alikuwa amehitimu shahada yake. Pilau ilikuwa imepikwa na majirani walikuwa wakiingia na kutoka kutoa hongera. Binti mwenyewe alijitenga kando, karatasi ya matokeo mkononi. Mama yake mdogo alipomuuliza mbona hana raha, alijibu: "Ma'mdogo, nimepata tatu nukta nne." Mama mdogo akashangaa: "Si umefaulu, mwanangu?" Binti akanyamaza.

Tumeona si vibaya kulieleza hapa jibu ambalo binti yule hakulitoa, kwa sababu wazazi wengi hulipa ada miaka mitatu bila kujua mtoto wao anapimwa kwa kipimo gani.

Katika vyuo vyetu vingi alama za mtihani hazifiki mwisho wa safari zikiwa alama. Hugeuzwa kwanza kuwa herufi, na herufi ikageuzwa kuwa pointi. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, anayepata 70 na kuendelea hupewa A, nayo ni pointi 5. Kuanzia 60 hadi 69 ni B+, yaani pointi 4. Kuanzia 50 hadi 59 ni B, pointi 3. Kuanzia 40 hadi 49 ni C, pointi 2. Pointi za kila somo huzidishwa kwa uzito wa somo hilo, yaani krediti zake, kisha jumla yote hugawanywa kwa jumla ya krediti. Kinachopatikana ndicho GPA. Mwenye 4.4 na kuendelea huwa na daraja la kwanza. Kuanzia 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu, na kuanzia 2.7 hadi 3.4 ni daraja la pili la chini.

Hebu sasa msomaji achukue kalamu. Tuwaweke wanafunzi wawili darasa moja, masomo yale yale, yenye uzito sawa. Wa kwanza amepata 69 katika kila somo tangu mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Wa pili amepata 70 katika nusu ya masomo na 60 katika nusu nyingine. Wastani wa alama za wa kwanza ni 69, na wa mwenzake ni 65. Lakini ukizipitisha alama hizo katika ngazi ya herufi, wa kwanza anatoka na GPA ya 4.0, na wa pili anatoka na 4.5. Aliyepata alama chache ndiye mwenye daraja la kwanza! Hapana aliyeiba mtihani wala mhadhiri aliyependelea. Hesabu imefuata kanuni yake, na kanuni imemweka nyuma aliyekuwa mbele.

Turudi kwa binti wa Temeke. Katika mwaka wake wa pili baba yake alifariki dunia, na siku ya nne baada ya maziko aliingia katika chumba cha mtihani. Hakujua kwamba angeweza kuandika barua ya kuomba kuahirishiwa, na nyumbani hapakuwa na aliyejua. Somo lile, lenye krediti 8, lilimshinda. Alilirudia akapata 58, alama ambazo kwa kawaida ni B. Lakini kanuni ya chuo chake inasema mtihani wa marudio hauvuki C. Alipomaliza miaka mitatu alikuwa na pointi 1,256 katika krediti 360. Ukigawanya unapata 3.488. Kanuni nyingine ya chuo hicho hukata tarakimu zinazofuata ile ya kwanza baada ya nukta bila kuzikadiria kwenda juu, hivyo ikasomeka 3.4. Ili apate 3.5 alihitaji pointi 1,260. Zilipungua nne, ilhali ile B peke yake ingemwongezea nane.

Hatusemi kwamba kanuni ya marudio haina msingi. Aliyefaulu mara ya kwanza ana haki yake pia. Wala hatusemi mfumo wa herufi ulibuniwa kwa hila. Mhadhiri anayesahihisha insha mia mbili hawezi kuapa kwamba hii ni 63 na ile ni 64, na herufi humsitiri yeye na mwanafunzi dhidi ya tofauti ndogo zisizo na maana. Tatizo letu ni upana wa kila ngazi: alama kumi nzima humezwa na pointi moja, kisha alama moja tu mpakani hulipwa kama kumi. Makerere kwa jirani zetu wa Uganda nao wana ngazi inayoishia 5, lakini kuanzia alama 50 hupanda kwa nusu pointi kila baada ya alama tano, na A huanzia 80. Ngazi kama hiyo haiondoi mpaka, ila humpunguzia aliyeteleza kimo cha kuanguka. Ajabu ni kwamba alama 70 za Dar es Salaam ni pointi 5, na 70 za Makerere ni pointi 4, na vijana hawa huweza kukutana katika dawati moja la maombi ya kazi.

Na hapo ndipo maumivu yalipo. Matangazo ya nafasi za wakufunzi wasaidizi vyuoni mara nyingi hudai GPA ya 3.8 na kuendelea; ufadhili mwingi wa masomo ya uzamili hudai daraja la pili la juu. Anayechuja maombi haoni msiba wala 58. Karatasi aliyotuonesha binti haikuwa na alama hata moja, ilikuwa na herufi tu.

Wasomaji wetu watakumbuka kwamba mwaka 2014 matokeo ya kidato cha nne nayo yaliingizwa katika GPA, na mwanzoni mwa 2016 Joyce Ndalichako, aliyekuwa Waziri wa Elimu, akarejesha divisheni. Mjadala ule uliishia sekondari. Vyuoni haukubisha hodi, na sisi tunaona walau jambo moja lingewezekana bila gharama kubwa: alama zenyewe ziandikwe kando ya herufi katika nakala ya matokeo, ili anayeajiri aone alichokifanya kijana.

Kwa upande wa nyumbani, kitabu cha kanuni za mitihani hutolewa mwanzoni mwa masomo. Kisomwe na mzazi pia, hasa kurasa za kuahirisha mtihani kwa ugonjwa au msiba na za rufaa, kwani zote zina muda wake.

Tulipoaga, mama wa binti alitufuata hadi mlangoni. Alitaka kujua kama barua ile ya msiba ingeweza kuandikwa sasa. Ilitubidi tumwambie kwamba muda wake ulipita tangu mwaka wa pili.