Jua la Nai Linakula Sura

Kunja mkono wa shati hadi juu, cheki ile ngozi ya ndani karibu na kwapa. Alafu leta mgongo wa kiganja chako uweke kando yake. Hizo ngozi mbili zilizaliwa siku moja, zimemanga dishi moja na zimelala keja moja. Lakini moja bado ni laini na rangi yake imetulia, ingine ishaanza kukauka, iko na mikunjo midogo na madoa hapa na pale. Jua ndio limeleta hiyo tofauti. Wasee wengi mtaani huamini makunyanzi ni kitu ya miaka, ati ukigonga forte unayapokea tu na maisha inasonga. Miaka inachangia, sikatai. Lakini sehemu kubwa ya kile tunaita uzee kwa sura ni jua lenye limekuwa likikuchapa hapo hapo tangu ukiwa mtoi wa primo.

Na jua la Nai ni noma. Tuko karibu na ikweta, na tao yenyewe imekaa juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 1,000, miale ya UV, ile ya jua isiyoonekana na macho, inaongezeka kwa asilimia 10 hivi, ju hewa ya kuichuja imepungua. Ndio maana unaeza kuwa umejipin jaketi, kibaridi kinakukata, na bado sura inachomwa. Joto na UV ni vitu mbili tofauti, na hapo ndio wengi hupotea. Cheki Julai, mawingu yamefunika kutoka Ngong hadi Kasa, kila mtu anasema jua hakuna. Mawingu mepesi yanaeza kuachilia hadi asilimia 80 ya UV ipite.

Miale yenye inatuhusu ni ya aina mbili. UVB huchoma ngozi ya juu, ndio yenye inafanya mtu aungue. UVA inazama chini zaidi, hadi kwa ile safu yenye kolajeni iko. Kolajeni ni nyuzi za protini zenye zinashikilia ngozi ikae imejaa. UVA ikigonga hapo, mwili unatoa vimeng'enya vya kukata hizo nyuzi, na vile unajaribu kuzishona tena, zinarudi zikiwa zimevurugika. Inakuwa hivo kila siku, kidogo kidogo. Husikii uchungu na huoni kitu kwa kioo, hadi miaka ishirini iishe.

Kuna kesi moja natamani kila dere wa mathree aisikie. Mwaka wa 2012 jarida la madaktari la Marekani, New England Journal of Medicine, lilitoa picha ya budaa wa miaka 69 mwenye alikuwa ameendesha lori ya mizigo kwa miaka 28. Upande wa kulia wa sura yake ulikuwa wa budaa wa kawaida. Upande wa kushoto, wenye ulikuwa unaangalia dirisha, ngozi ilikuwa imenenepa na kujikunja mbaya, utadhani ni sura ya mtu mwingine mkubwa kwake kwa miaka mingi. Kioo cha dirisha huzuia karibu UVB yote, kwa hivo ukiwa ndani ya ndai huungui na unajiona uko sawa. UVA yenyewe inapita. Kioo cha mbele kina safu ya plastiki katikati yenye inazuia UVA mob, lakini vioo vingi vya kando havina. Marekani dere hukaa kushoto. Huku kwetu usukani uko kulia, kwa hivo ni shavu la kulia na ule mkono wa kulia wa kuegeshwa kwa dirisha ndio vinaliwa. Msee wa nganya ya Umo akitoka asubuhi na kurudi usiku, siku sita kwa wiki, ako kwa njia ile ile ya huyo budaa.

Sasa kuna hii imani ati mtu mweusi hazeeki. Iko na ukweli mkubwa, na mi hujivunia hiyo ngozi. Mwaka wa 1979 watafiti wa Marekani walipima wakapata ngozi nyeusi inajikinga na UVB sawa na SPF (kile kipimo cha mafuta ya kuzuia jua) ya 13 hivi, ya mzungu ikiwa karibu 3. Ni melanini inafanya hiyo kazi, na ndio maana shosh wa ocha anaeza kuwa na miaka sabini na mashavu bado yamesimama. Lakini 13 si ukuta. Kwa hizo hizo vipimo, zaidi ya asilimia 17 ya UVA bado ilipenya ngozi nyeusi hadi chini. Na kwetu uzee hauanzi na makunyanzi, kwa hivo wengi hawautambui ukifika. Rangi ndio huanza kugawanyika: paji linakuwa jeusi kuliko mashavu, doa la chunusi ya mwaka jana linakataa kutoka, chini ya macho panazama. Hata mwanga wa kawaida wenye tunauona na macho, mbali na UV, huongeza weusi kwa ngozi kama yetu. Zile punje ndogo nyeusi zenye hutokea kwa mashavu ya mathe zetu kwa sana ni za kurithi na hazina shida. Usizikate na wembe, bana, utabaki na kovu.

Kinga inafanya kazi, na hii si stori ya kuuza mafuta. Pale Nambour, Queensland, Australia, watafiti walifuata watu 903 wa chini ya miaka 55 kwa miaka minne na nusu. Mbogi moja iliambiwa ijipake sanskrini, yale mafuta ya kuzuia jua, kila siku, ingine ikaachwa ijipake vile inataka. Majibu yalitoka 2013: ngozi za hao wa kila siku zilizeeka kwa asilimia 24 chini ya hao wengine. Wengi wao walikuwa wazungu, hiyo lazima niseme, na singependa hiyo namba ibebwe ivo ivo iletwe Kayole. Lakini njia yenye UVA inakata kolajeni ni moja kwa kila mtu.

Wenye wananikaa rohoni kwa hii maneno ni wasee wa nje. Msee wa nduthi kwa stage. Mathe wa mboga. Makanga ananing'inia kwa mlango. Hao wa kutandaza nguo Muthurwa, hao wa mjengo. Matangazo ya mafuta ya sura hutuonyesha manzi ako ndani ya nyumba safi, pazia nyeupe, na wenye jua linawachapa masaa kumi hakuna mtu anawaongelesha. Kwao, kitu ya kwanza si chupa, ni kivuli. Kepi inaficha paji na pua, inaacha masikio na shingo nje, kwa hivo kofia ya ukingo mpana inaishinda. Shati ya mikono mirefu yenye imeshonwa na kitambaa kizito unaipata Gikosh kwa bei ya chini, na haiishi nguvu ukitoa jasho. Buff ya shingo ikivutwa hadi chini ya macho inasaidia rider kwa vumbi na kwa jua. Kioo cha helmeti, kile kigumu cha plastiki, huzuia UV nyingi sana. Wengi hukiinua juu, na mi naomba kishushwe. Ukitaka kujua saa mbaya, angalia kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, hiyo ndio saa jua liko kazini, na kwa Nai ni kutoka saa tatu na nusu hivi hadi saa tisa na nusu.

Sanskrini inakuja hapo baadaye, kwa zile sehemu nguo haifiki. Usidanganywe na namba kubwa. SPF 30 huzuia karibu asilimia 97 ya UVB, ya 50 huzuia 98, so hiyo tofauti haifai kukumalizia doo. Cheki kama chupa imeandikwa inakinga UVA pia, ju SPF yenyewe inaongelea UVB. Cheki tarehe ya kuisha, na ununue kwa kemisti yenye unaeza kurudi ukilalamika. Kwa sura na shingo, chora mistari miwili mirefu juu ya vidole viwili, hicho ndio kipimo. Ukipaka nusu yake, kinga inashuka sana. Kama uko nje, rudia baada ya masaa mawili.

Najua shida yenye watu hutoa: ati inaacha sura ya kijivu. Hiyo mara nyingi ni zinki, na kwa ngozi nyeusi inaonekana vibaya kweli. Tafuta yenye imetiwa rangi ya kahawia. Hiyo rangi hutokana na oksidi ya chuma, na ndio yenye inazuia ule mwanga wa kuongeza madoa. Na hii imenifurahisha kuijua: oksidi ya chuma ndio hiyo hiyo yenye inaupatia udongo mwekundu wa wamorani rangi yake. Wamaasai wamekuwa wakijipaka hiyo kitu kabla kiwanda chochote kiitie ndani ya chupa.

Chupa ndogo inaeza kukukata zaidi ya thao. Kwa msee wa kusaka ya siku, hiyo ni pesa ya dishi. Kama umebanwa, ipake paji, pua, mashavu, shingo na mgongo wa mikono, kwingine kote vaa nguo.

Vaseline na Arimis ziko karibu kila keja, na mi siwezi zitukana. Arimis ilitengenezewa ng'ombe wa kukamuliwa, ikaishia kwa miguu ya watoi wote wa Kenya. Mafuta ya aina hiyo hufunga maji ndani ya ngozi, hasa ukijipaka kama umetoka tu kuoga na ngozi bado ina unyevu, na ile mikunjo midogo ya ukavu inapotea. Lakini haziwezi kuzuia jua. Kama umejipaka Vaseline ukaingia jobo ya nje, umelainika tu.

Kitu yenye inaniuma ni krimu za kujichubua. Zinauzwa kwa vikopo bila majina, zinachanganywa nyuma ya duka, na huyo wa kukuchanganyia hakuambii ameweka nini. Mara nyingi ni haidrokwinoni, au zebaki, au steroidi kali kama clobetasol. Steroidi ikikaa kwa sura miezi na miezi, inafanya ngozi iwe nyembamba hadi mishipa ionekane, inakata kolajeni, inaleta michirizi. Zebaki inaingia mwilini inaenda kwa figo. Na melanini yenye ilikuwa kinga yako ya bure, umelipa doo itolewe, alafu unatoka kwa jua lile lile. Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka mwaka wa 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zebaki ya kupita kiwango kidogo sana, na bado vikopo viko. Manzi wa miaka ishirini na tano anaanza kuwa na ngozi ya mtu wa hamsini, na alianza ju kuna mtu alimwambia yeye ni mweusi sana. Kama umekuwa ukitumia, usiache ghafla ukiwa peke yako, ju steroidi ikikatwa mara moja sura inaeza kulipuka. Ona daktari wa ngozi ashushe polepole.

Kwa zile krimu za usiku, yenye iko na ushahidi mzito ni tretinoini, jamii ya vitamini A. Inaamsha ngozi itengeneze kolajeni mpya na inafifisha madoa. Huanza na kidogo sana, usiku, mara mbili kwa wiki, na asubuhi lazima ujikinge na jua. Mwenye ako na mimba, au anaitafuta, aiweke mbali. Nataka pia ujue ilikotoka. Daktari Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mwenye jina lake limeshikana na hiyo dawa, alifanya majaribio ya vitu vya ngozi kwa wafungwa wa jela ya Holmesburg, Philadelphia, kutoka miaka ya 1950 hadi 1974, na wengi wao walikuwa wasee weusi. Chuo kiliomba msamaha 2021, jiji likafuata 2022. Sisemi usiitumie. Nasema ngozi kama yetu ilishalipia huo ujuzi, kwa hivo haifai kuwa kitu ya watu wa Lavi pekee.

Nje ya krimu, fegi hukaza mishipa midogo ya damu na kuvunja kolajeni, na mdomo wa mvutaji hujikunja mapema. Usingizi unasaidia. Maji unywe ju mwili unadai, lakini hayatoi makunyanzi.

Pale Moshi, Tanzania, kuna sanskrini inaitwa KiliSun yenye ilianzia kwa kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, na inatengenezwa huko huko kwa ajili ya wenye ualbino, ju kwao jua linaua kabisa, ni kansa. Hapa Kenya pia serikali hutoa sanskrini ya bure kwa wenye ualbino kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na hao ndio wanafaa kufikiwa kwanza, bila kukosa hata mwezi mmoja. Lakini kama Moshi wameweza, basi kiwanda kimoja cha Indaa kinaeza kutoa chupa ya soo mbili ya msee wa nduthi, imetiwa kahawia yetu. Na kaunti ikichora stage mpya, ianze na paa, alafu ipande miti mbili za kivuli upande wa magharibi, penye jua la saa tisa huingilia.