Scratch: Kuandika Programu kwa Vitalu

Anayeanza kujifunza kuandika programu za kompyuta hukwamishwa mapema na mambo madogo. Nukta mkato ikisahaulika, au mabano yasipofungwa, programu nzima hugoma hata kama wazo lenyewe ni sahihi. Scratch ilibuniwa kuondoa kikwazo hicho. Kikundi cha Mitchel Resnick katika chuo cha MIT, Marekani, kiliitoa kwa umma mwaka 2007, kikifuata njia iliyofunguliwa na Logo, lugha ambayo Seymour Papert na wenzake waliianzisha mwaka 1967 kwa ajili ya watoto.

Katika Scratch maagizo hayaandikwi. Kila agizo ni kitalu cha rangi kinachoburutwa kwa kipanya na kupachikwa chini ya kingine, na umbo lake ndilo sarufi. Kitalu cha kuanzisha programu kina mgongo wa mviringo, hivyo hakuna kinachokaa juu yake. Kitalu cha sharti, la ndiyo au hapana, kina ncha zilizochongoka, na tundu la umbo hilohilo halipokei kitalu cha umbo jingine. Kitalu cha kurudia bila kikomo hakipachikwi kitu chini yake, na ni haki: agizo ambalo lingefuata lisingefikiwa kamwe.

Makosa ya fikra, hata hivyo, hayazuiwi na umbo. Mwanafunzi akitaka paka wa Scratch atembee huku na huko jukwaani, huunganisha vitalu vya kuanzisha kwa bendera ya kijani, kurudia bila kikomo, kusogea hatua 10 na kugeuka anapogusa ukingo. Paka huenda vizuri hadi pembeni, kisha hurudi kichwa chini, miguu juu. Kompyuta haikukosea; iliambiwa igeuze uelekeo, ikamzungusha paka mzima. Dawa ni kitalu kimoja zaidi, cha kuruhusu mgeuko wa kushoto na kulia tu. Kuisaka dawa hiyo ndiyo kazi halisi ya mtunga programu.

Maneno yaliyo kwenye vitalu ni lebo tu, kwa hiyo mradi uliotungwa kwa Kiingereza waweza kusomwa kwa Kiswahili, ambacho kimo katika orodha ya lugha za Scratch. Programu ni ya bure, na ipo inayofanya kazi bila intaneti.

Udhaifu hujitokeza mradi unapokua. Hesabu inayotosha mstari mmoja wa Python, lugha ya programu inayoandikwa kwa maandishi, hudai vitalu kadhaa vilivyomezana, na skrini hujaa upesi. Hapo ndipo wengi huhamia maandishi. Mantiki haibadiliki: maagizo yaliyokuwa yakikumbatiwa na kitalu cha kurudia, katika Python husogezwa ndani kwa nafasi mwanzoni mwa mstari.