Istilahi za Uzawa katika Majibu ya Vinasaba

Makala haya yakusudia kueleza istilahi chache zinazowatatiza wafasiri wanapoletewa majibu ya vipimo vya vinasaba, hasa yale ya mtu aliyeasiliwa utotoni na ambaye sasa anawatafuta waliomzaa. Neno moja likifasiriwa vibaya laweza kumpeleka mwenye haja kwenye mlango usio wake.

1. Kuasili na asili

Nchini Tanzania, kumfanya mtoto wa mwingine kuwa mtoto wako kwa amri ya mahakama huitwa kuasili. Istilahi hii imekwisha kuzoeleka. Hata hivyo, ina ujirani na neno asili. Tukiandika "wazazi wa asili", msomaji aweza kudhani ni wale walioasili. Yafaa basi kusema wazazi waliomzaa, na kwa upande wa pili, wazazi waliomwasili.

2. Nasaba na vinasaba

Neno vinasaba limetokana na nasaba. Katika jamaa nyingi za pwani nasaba huhesabiwa kwa baba. Vinasaba havifuati desturi hiyo: mtoto hupokea takriban nusu kwa mama na nusu kwa baba. Mwalimu hana budi kulieleza jambo hili mapema, ili jina lisimpotoshe mwanafunzi.

3. Nusu, robo na thumuni

Hapa ndipo penye ugumu hasa. Kipimo hulinganisha vinasaba vya watu wawili na kuonyesha wanashiriki kiasi gani. Mzazi na mtoto hushiriki nusu. Ndugu wa baba na mama mmoja hukaribia nusu vilevile. Robo ni kiasi cha babu au bibi na mjukuu, cha ndugu wa mzazi mmoja, na cha mtu na ndugu wa mzazi wake. Watoto wa ndugu wawili hushiriki, kwa wastani, thumuni.

Kumbe robo moja ina majina mengi! Tena majina yetu hutaja upande: mjomba ni wa kwa mama, shangazi ni wa kwa baba, baba mdogo si mjomba. Kipimo cha kawaida hakijui upande. Mfasiri akiona robo ya mwanamume mwenye umri wa makamo, akaandika "mjomba", amekwisha kumwambia msomaji kwamba mama yake atapatikana katika nyumba ile. Huenda mtu huyo ni baba mdogo, au ni kaka wa mzazi mmoja. Hali kadhalika thumuni: si lazima awe binamu, kwani wengi wetu humwita mtoto wa baba mdogo ndugu.

Twapendekeza isemwe jamaa wa robo na jamaa wa thumuni, hadi upande uthibitishwe. Uthibitisho huo waweza kutokana na vinasaba vya mitokondria, ambavyo mama huwapa watoto wake wote, au kromosomu Y, ambayo baba humpa mwanawe wa kiume.

4. Ujukuu

Si sisi tu tuliohitaji neno jipya. Nchini Argentina, chini ya utawala wa kijeshi wa 1976 hadi 1983, watoto wa watu waliotekwa na kupotezwa walipewa familia nyingine. Mwaka 1977 bibi zao waliunda chama, Abuelas de Plaza de Mayo. Wazazi hawakuwapo tena wa kupimwa. Ikabidi uzawa uthibitishwe kwa kuruka kizazi kimoja. Mtaalamu wa jenetiki Mary-Claire King aliwasaidia kuanzia mwaka 1984, na mwaka 1987 sheria ikaanzisha benki ya taifa ya taarifa za jenetiki. Hesabu iliyotumika iliitwa kwa Kihispania índice de abuelidad.

Tuifasirije? "Ubibi" haufai: bibi ni mke pia, na nchini Kenya wengi husema nyanya. Twapendekeza kielezo cha ujukuu, kwani mjukuu ni mjukuu kote. Inapobidi kutaja upande, tunayo tayari bibi mzaa mama na bibi mzaa baba.

Kwa ufupi, istilahi isiseme zaidi ya kipimo. Anayetafuta watu wake amekwisha kunyimwa ukweli mara moja. Mfasiri asimnyime mara ya pili.