Samatta Hakuuza Bangili za Mamake

Juzi, baada ya swala ya isha, dada yangu alinijia barazani, na mwanawe nyuma yake kainamisha kichwa. Mkononi alishika kitambaa, na ndani yake bangili mbili za dhahabu alizovishwa siku ya harusi yake.

"Kaka, nitafutie mnunuzi mwaminifu," akanambia.

Kumbe yuko dalali aliyemwahidi mpwa wangu timu huko Ghuba, ila kwanza alipwe yeye. Kijana ana miaka 19, ni mshambuliaji, na mguu wake wa kushoto hauna shaka.

"Ziweke kando hizo bangili," nikamjibu, "kwanza nimsimulie habari za Samatta."

Ndugu msomaji, Mbwana Ally Samatta alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1992. Alikuwa Simba mwaka 2011 timu hiyo ilipokutana na TP Mazembe ya Lubumbashi katika mashindano ya klabu bingwa za Afrika. Simba ilitolewa, lakini Wakongo walikuwa wamekwisha mtia jicho kijana yule. Wakamnunua. Hapo ndipo penye fundisho: klabu ndiyo iliyotoa fedha, si mchezaji. Mchezaji hununuliwa, hanunui.

Lubumbashi nako watu husema Kiswahili, ijapokuwa kina ladha yake. Samatta alikaa huko karibu miaka mitano. Mwaka 2015 Mazembe ilitwaa ubingwa wa Afrika kwa kuishinda USM Alger ya Algeria, naye akafunga katika michezo yote miwili ya fainali. Januari 2016, mjini Abuja, alitangazwa mchezaji bora miongoni mwa wanaocheza barani Afrika, wa kwanza kutoka Afrika Mashariki. Mwezi huohuo Genk ya Ubelgiji ikamchukua.

Mwaka 2019 akawa bingwa wa Ubelgiji, na Novemba ya mwaka huo akafunga kwa kichwa ugenini Anfield, nyumbani kwa Liverpool. Januari 2020 akatua Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza.

Mpwa wangu akainua kichwa. "Lakini mjomba, Uingereza si alikaa miezi minane tu?"

Kweli, sikumficha. Villa alifunga mabao mawili. Moja lilikuwa Wembley, Machi 1, 2020, katika fainali ya Kombe la Ligi, na hata hilo halikuwaokoa. Manchester City ilishinda 2-1. Septemba akaenda Fenerbahçe ya Uturuki, kisha akarudi Ubelgiji kwa mkopo. Wengi wakasema nyota imezimika. Mwaka 2024 alikuwa katika kikosi cha PAOK kilichotwaa ubingwa wa Ugiriki.

"Na ile miaka mitano ya Lubumbashi, alikuwa akifanya nini?"

"Akifunga," nikamwambia.

Lugha yetu ina hekima yake. Afungaye bao na afungaye Ramadhani, neno lao ni moja. Wote wawili huijua njaa, na wote huingoja saa yake. Apokeaye dhahabu ya mama kabla mtoto hajaugusa mpira, huyo hauzi kandanda; auza ndoto, na ndoto haina risiti.

Dada yangu alikifundika kitambaa chake akaondoka bila ya kunambia ameamua nini. Mpwa wangu naye hakusema neno. Lakini jana alasiri nilipita kiwanjani nikamwona peke yake, akiupiga mpira ukutani kwa mguu wa kulia.

Nami nikamtungia ubeti huu:

Kijana usipapie, safari ina vituo,
Subira uitumie, huo ndio ufunguo,
Wasemao uwambie, haraka haina tuo,
Ngazi hupandwa kwa chini, ndipo ukafika juu.